Anayepigwa Ndiye Anayelitengeneza Pigo

Mieleka ya kwenye televisheni ni ya kweli au ya kuigiza? Ubishi huu umezeeka vijiweni na bado haujapata mwamuzi. Mmoja anasema yote ni feki, mwingine anauliza damu ile imetoka wapi, wa tatu anaapa kwamba mwanamieleka Undertaker alishawahi kufa na kufufuka. Kwenye banda la gemu kuna ubishi unaofanana na huo: aliyefungwa analalamika kwamba mwenzake "anabonyeza ovyo tu", hakuna ufundi pale. Nyumbani nako mzazi anamkuta mwanawe akirusha mateke mbele ya Power Rangers na kujiuliza kama kipindi kile kinamfundisha ugomvi.

Ni maswali matatu, ila yanatokana na kutoelewa jambo moja: pigo la kwenye maonyesho linatengenezwaje? Wengi humtazama anayepiga. Kazi kubwa iko kwa anayepigwa, na ukishaliona hilo sehemu kubwa ya ubishi inaisha yenyewe.

Kwanza maneno yenyewe. Mieleka ya Olimpiki ni shindano. Kuna pointi, na mshindi hajulikani hadi mwisho. Mieleka ya WWE na makampuni ya aina yake ni onyesho. Kabla ya mechi wapiganaji wanajua nani atashinda, watapewa dakika ngapi, na mechi itaishaje. Pengine wanapanga pia matukio makubwa mawili matatu. Yaliyobaki katikati, kwa kawaida wanakubaliana wakiwa mlemle ulingoni kwa kunong'onezana, kichwa kikiwa kimefichwa kwapani mwa mwenzake, au refa anapeleka ujumbe kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Ndiyo maana refa huinama karibu sana na aliyelala chini kama anayemuuliza hali. Mara nyingi anamuuliza hali kweli, na papo hapo anamwambia zimebaki dakika ngapi.

Kwa hiyo neno "feki" halitoshi. Neno sahihi ni "iliyopangwa". Fikiria sarakasi: anayeruka anajua atadakwa na nani na wapi, lakini akikosewa kudakwa anavunjika mfupa kama mtu mwingine yeyote. Kisheria, swali la kama ni shindano au onyesho lilijibiwa zamani. Mwaka 1989 kampuni ya WWF, ambayo leo inaitwa WWE, ililieleza bunge la jimbo la New Jersey kwamba inachofanya ni burudani, si shindano la michezo, ili isisimamiwe na kamisheni ya michezo ya jimbo hilo. Waliokuwa na siri ndio walioitoa.

Desturi ya kuilinda siri hiyo ina jina lake, keifebi. Kwa miongo mingi, wapiganaji waliokuwa maadui ulingoni hawakutakiwa kuonekana wakila meza moja. Mmoja huwa steringi, mwingine adui, na watu wa mtaani waliamini hivyo hata mechi ikishaisha. Kinshasa, ambako mieleka huitwa kechi, wapo wapiganaji wanaoingia ulingoni na vitu vya uganga, na uganga huo ni sehemu ya pambano.

Sasa tuingie ulingoni. Ulingo wa WWE ni mraba wenye upande wa takriban mita 6. Ukifunua turubai la juu unakuta sponji nyembamba, chini yake mbao, na chini ya mbao vyuma. Hakuna godoro mle. Mbao zinanesa kidogo na kupiga kelele kubwa, na kelele hiyo ni nusu ya onyesho. Kamba nazo hazina huruma. Kampuni nyingine hutumia waya wa chuma uliovishwa mpira, WWE hutumia kamba halisi iliyozungushiwa tepu, na anayejifunza kuzikimbilia hutoka siku ya kwanza na michirizi ya wekundu mgongoni na kwapani.

Kitu cha kwanza ambacho mwanafunzi wa mieleka hufundishwa ni kuanguka. Kupiga kunakuja baadaye sana. Kuanguka chali kuna hatua zake, na kila hatua ina sababu. Kidevu kinabanwa kifuani, kwa sababu kisipobanwa kisogo kitagonga mbao na hapo ndipo mtu hupata mtikisiko wa ubongo. Mgongo wa juu, kati ya mabega mawili, ndio unaotua kwanza. Kiuno na mkia wa uti wa mgongo havitui kwanza kamwe. Mikono inatanuliwa pembeni, viganja vikitazama chini, na inapiga turubai wakati uleule mgongo unapotua. Kwa njia hiyo uzito unagawanyika katika eneo pana, kama mtu anayetembea juu ya tope akikanyaga ubao badala ya kukanyaga kwa kisigino. Pumzi inatolewa wakati wa kutua. Anayeishikilia husikia kifua kimefungwa kwa sekunde kadhaa.

Makosa ya wanafunzi yanajulikana. La kwanza ni kurudisha mkono nyuma ili kujizuia, jambo ambalo mwili hulifanya wenyewe kwa woga, na matokeo yake ni kifundo cha mkono kuvunjika au kiwiko kuteguka. La pili ni kutazama ulingo unakoangukia: kichwa kikigeuka, shingo nayo inageuka, na bega linatua peke yake. Maumivu hayaondoki hata ukifanya yote sawasawa. Yanapunguzwa tu, na mpiganaji wa kulipwa anaanguka hivyo mara nyingi kwa usiku mmoja, usiku baada ya usiku, mwaka mzima.

Ngumi ya mieleka hurushwa kwa kiganja kilichofungwa kwa ulegevu, na mara nyingi kinachomgusa mwenzake ni sehemu ya mkono chini ya kifundo. Wakati huohuo mpigaji anakanyaga ulingo kwa mguu ili mbao zitoe sauti. Kwenye mateke, sikiliza mlio mkali kama kofi, kisha tazama mkono wa anayepiga: umepiga paja lake mwenyewe. Lakini kofi la kifuani ni kofi kweli, hakuna namna ya kuliigiza, ndiyo maana vifua vinavimba na kuwa vyekundu mbele ya kamera.

Baada ya hapo kazi inahamia kwa aliyepigwa. Wenyewe wanasema "anauza" pigo. Anarusha kichwa, anapepesuka, anashika kiuno, na dakika kumi baadaye bado anachechemea mguu uleule. Anayesahau kuchechemea ameharibu kazi yote ya mwenzake, na mtazamaji mzoefu analiona hilo mara moja. Tazama mechi moja ukimfuata anayepigwa peke yake, toka kengele ya kwanza hadi ya mwisho, na utashangaa umetazama mchezo tofauti kabisa.

Na damu? Sosi ya nyanya na damu ya kuku ni hadithi za mitaani. Kwa miaka mingi ilikuwa damu ya mpiganaji mwenyewe. Kipande kidogo cha wembe kilifichwa kwenye tepu ya mkononi, na baada ya "kugongwa" mpiganaji alijichana kidogo kwenye paji la uso karibu na nywele. Ngozi ya hapo hutoa damu nyingi kwa mkato mdogo, na jasho linaisambaza usoni ionekane balaa. WWE iliachana na desturi hiyo mwaka 2008 ilipoamua vipindi vyake vitazamwe na familia nzima. Kwa miaka mingi baada ya hapo, damu iliyoonekana huko mara nyingi ilikuwa ajali.

Ajali zipo, na zinaonyesha vizuri jinsi pigo linavyojengwa na watu wawili. Chukua pigo linaloitwa paildraiva, lililopewa jina la mashine ya kupigilia nguzo ardhini. Unamgeuza mwenzako kichwa chini miguu juu, unakibana kichwa chake kati ya mapaja yako, kisha unakwenda naye chini. Siri yake yote ni sentimita chache: kichwa cha aliyebebwa lazima kibaki juu kidogo ya usawa wa kinachotua. Undertaker alikuwa akitua kwa magoti, hivyo urefu wa paja lake unabaki kati ya kichwa cha mwenzake na turubai. Aliyebebwa naye anashika miguu au kiuno cha mbebaji na kujivuta juu. Wakifanya hivyo wote wawili, kichwa hakigusi chini.

Tarehe 3 Agosti 1997, kwenye onyesho la WWF liitwalo SummerSlam, Owen Hart alimbeba Steve Austin na kutua kwa makalio badala ya magoti. Kichwa cha Austin kilikuwa kimechomoza chini ya mapaja. Kikagonga turubai uzito wa watu wawili ukiwa juu yake, na kwa muda Austin hakuweza kusogeza mikono wala miguu. Itazame mechi hiyo ukiwa unalijua hilo. Owen anazunguka ulingoni akiwazomea watazamaji, na anafanya hivyo ili kumpa mwenzake muda. Austin anajikokota, anamkunja Owen kwa mkunjo dhaifu kabisa, na Owen analala hadi hesabu ya tatu kwa sababu Austin ndiye aliyepangwa kushinda. Austin aliendelea kwa miaka kadhaa akiwa na shingo mbovu na akastaafu mwaka 2003. WWE baadaye ililipiga marufuku pigo hilo kwa karibu wapiganaji wote.

Mzazi mwenye wasiwasi aanzie hapa. Mtoto akitazama mieleka anaiga kunyanyua na kurusha, yaani nusu ya kazi. Nusu ya pili, ile ya kubana kidevu, kutanua mikono na kujishika kwa mbebaji, haionekani kwenye skrini, na ndugu yake mdogo anayerushwa hajui kama ipo. Kumwambia mtoto "ni uongo ule" kunaongeza hatari, maana anaelewa kwamba hakuna kinachoumiza. Mwambie ukweli: wale wawili wamefundishwa, wanasaidiana, na bado wanaumia. Michezo ya kunyanyuana kwa kiuno, kukabana shingo, na chochote kinachomweka mtu kichwa chini ikatazwe nyumbani hata kama kuna godoro. Godoro hukizamisha kichwa wakati mwili unaendelea kushuka, na shingo ndiyo inayobeba gharama.

Kuhusu Undertaker, mwigizaji wake ni Mark Calaway, aliyeingia WWF mwaka 1990 na kustaafu mwaka 2020. Uvumi wa kufa kwake una chanzo. Januari 1994 aliingizwa kwenye jeneza na kufungiwa humo, kisha kwenye skrini kubwa akaonekana kama anapaa. Katikati ya mwaka ukaletwa Undertaker mwingine, aliyechezwa na mtu tofauti, na Agosti wale wawili wakapigana. Habari ya namna hiyo ikisimuliwa mdomo kwa mdomo na watu walioona vipande vya kanda za video, hazipiti siku nyingi kabla mtu hajafa mara saba. Kane, mpiganaji wa kinyago aliyetambulishwa kama ndugu wa Undertaker, si nduguye. Ni Glenn Jacobs, ambaye kabla ya kuvaa kinyago aliwahi kupigana kama daktari wa meno mwendawazimu, na mwaka 2018 akachaguliwa kuwa meya wa Knox County, Tennessee.

Tuhamie Power Rangers, maana pale anayepigwa ana mzigo mkubwa zaidi: hana uso.

Kipindi hicho kilianza Marekani Agosti 1993, lakini sehemu kubwa ya mapigano yake yalikuwa yamepigwa picha Japani. Kampuni ya Toei ya huko ilianza kutengeneza mfululizo wa Super Sentai mwaka 1975, kila msimu na kikosi chake cha mashujaa wa rangi rangi. Kampuni ya Saban ilinunua picha za msimu wa 1992 ulioitwa Zyuranger, ikaacha sehemu zenye nyuso za Wajapani, ikapiga picha mpya za vijana wa Kimarekani shuleni, na kuziunganisha. Helmeti ndiyo iliyowezesha biashara hiyo. Mtu akishavaa helmeti hakuna anayejua ni nani. Ushahidi uko wazi machoni pa kila aliyekua na kipindi kile: Ranger wa waridi ana kisketi, wa njano hana, ingawa wote ni wasichana. Kwa Wajapani wa njano alikuwa mvulana.

Ndani ya helmeti kuna mtaalamu mwingine, mwigizaji wa mavazi. Haoni vizuri, joto ni kali, na hawezi kukunja uso wala kutoa macho. Ndiyo maana Ranger akizungumza anatikisa kichwa na kuchezesha mikono kupita kiasi. Mtoto anafikiri ndivyo mashujaa wanavyozungumza. Bila mikono ile usingejua nani kati ya watano ndiye anayeongea. Upanga unapompata, cheche zinalipuka kifuani. Cheche zile ni baruti ndogo zilizotegwa juu ya vazi na kuwashwa kwa umeme, na zinafanya kazi ambayo uso ungeifanya: zinamwambia mtazamaji kwamba pigo limeingia, na limeingia hapa. Aliyepigwa anajirusha nyuma, anabingirika, na mara nyingi picha inaonyeshwa taratibu ili jicho la mtoto liwahi kuona.

Roboti kubwa na majitu yanayobomoa miji ni watu hao hao ndani ya mavazi, wakikanyaga maghorofa ya kimo cha kiuno. Tatizo ni kwamba kitu kidogo huanguka haraka, na macho yetu yanalijua hilo. Kwa hiyo kamera inarekodi picha nyingi zaidi kwa sekunde kuliko kawaida, kisha zinaonyeshwa kwa kasi ya kawaida. Ghorofa la ubao mwepesi linaanguka polepole kama la zege, na roboti linaonekana lina tani elfu. Uzito umetengenezwa kwa kuchezea muda.

Mwaka 1994 New Zealand iliondoa kipindi hicho hewani kwa malalamiko ya ukatili. Kuanzia msimu wa mwaka 2003, Power Rangers ikawa inatengenezwa hukohuko New Zealand.

Neno la muda ndilo linalotupeleka kwenye gemu. Street Fighter II ya Capcom, iliyotoka Japani mwaka 1991, huonyesha picha takriban 60 kila sekunde. Picha moja huitwa fremu, na ni sawa na milisekunde 16 hadi 17. Kila pigo kwenye gemu ya kupigana limegawanywa katika vipande vitatu vinavyohesabiwa kwa fremu: kujiandaa, kufika, na kurudi. Mfikirie mtu anayetwanga kwa mchi. Kunyanyua ni kujiandaa, mchi kugusa nafaka ni kufika, kuunyanyua tena ni kurudi. Ngumi nyepesi ya Ryu, mmoja wa wapiganaji wa gemu hiyo, hujiandaa kwa fremu chache tu, teke zito huchukua nyingi zaidi na huchelewa kurudi.

Hapo ndipo hadithi ya kubonyeza ovyo inapokufa. Wakati mhusika wako yuko kwenye kurudi, kubonyeza tena hakufanyi kitu, na mwili wako uko wazi. Anayebonyeza ovyo hushinda dhidi ya anayesitasita, kwa sababu ngumi nyepesi hufika haraka kuliko binadamu anavyoweza kuitikia: mtu wa kawaida huhitaji karibu robo ya sekunde, yaani fremu 15 hivi, kuona kitu na kubonyeza. Dhidi ya anayezuia na kusubiri kipande cha kurudi, huyohuyo hatoboi. Dawa yake ni ndogo: shika nyuma uzuie, msubiri atoe teke zito au Shoryuken, ile ngumi ya kupaa, litakalopita hewani, kisha mpige akiwa anashuka. Na anayependa kuruka ruka anaonekana mapema, kwa sababu mruko huchukua zaidi ya nusu sekunde. Hapo muda wa kuitikia unao.

Sasa mtazame anayepigwa. Pigo likiingia, gemu huwagandisha wahusika wote wawili kwa fremu kadhaa, na cheche zinatokea mahali palipoguswa. Ni zilezile cheche za kifuani mwa Ranger, na kile kituo kidogo ambacho mwanamieleka hukiacha baada ya pigo kubwa ili ukumbi upate kupumua. Kisha aliyepigwa anapewa muda wa kupepesuka, fremu ambazo hawezi kufanya lolote. Akipigwa tena kabla muda huo haujaisha, pigo la pili haliwezi kuzuiwa. Huo mfuatano ndio kombo.

Kombo hazikupangwa. Ili iwe rahisi kutoa mapigo maalumu, programu iliruhusu pigo maalumu likatize pigo la kawaida lililokwisha anza. Mtayarishaji Noritaka Funamizu, akikagua makosa kwenye raundi ya kuvunja gari, akagundua kwamba pigo moja linaweza kufuatwa na jingine papo hapo. Akaona ni kitu kigumu ambacho wachache wataweza kukitumia, akakiacha. Toleo la Super Street Fighter II la mwaka 1993 tayari lilikuwa linahesabu kombo kwenye skrini. Mfano wa mazoezi kwa Ryu: ruka na teke zito, ukitua inama na ngumi nzito, na papo hapo Hadouken, ule moto anaourusha kwa mikono. Teke la kuruka lazima liguse chini, kwenye kifua au kiuno. Likigusa kichwani mapema, kupepesuka kunaisha kabla hujatua.

Hadouken yenyewe ni chini, mshazari chini-mbele, mbele, pamoja na ngumi. Ukitoa ngumi ya kuinama badala ya moto, umebonyeza kabla kidole hakijafika mbele. Usipotoa kitu, umeuruka mshazari, kosa la kawaida kwenye pedi: watu hugonga chini halafu mbele, wakati kidole gumba kinatakiwa kuviringika bila kunyanyuka. Ukipata Shoryuken bila kuitaka, ulikuwa unatembea mbele kabla ya kuanza, maana Shoryuken ni mbele, chini, mshazari, na gemu imeihesabu hatua yako. Simama kwanza.

Zangief, mwanamieleka wa Kisovieti, ana paildraiva ya kuzunguka hewani. Inataka uzungushe pande zote nne na ngumi, na tatizo la kila anayejifunza ni kwamba kufika juu kunamfanya aruke. Anza kuzungusha ukiwa bado hewani unashuka, au wakati ngumi nyepesi yako haijamaliza kurudi, ili mduara ukamilike kabla mhusika hajapata ruhusa ya kuruka. Mkamato huu hauzuiliki kwa kushika nyuma, na ndiyo sababu Zangief ni mzito na hafiki kirahisi: angefika kirahisi asingeshindika.

Wanaolalamika kwamba gemu za zamani "zimekuwa ngumu" kwenye TV mpya hawakosei. TV ya chogo ilionyesha picha bila kuichakata. TV bapa nyingi huisafisha picha kwanza, na ucheleweshaji wa milisekunde 50 ni fremu 3, zinazotosha kukunyima kombo. Ingia kwenye mipangilio ya picha uchague hali ya gemu, na uzime vilainisho vyote vya picha. Wapo pia waliozoea gemu hizi zikiwa nzito zaidi: mfumo wa TV wa PAL uliotumika Ulaya na kwetu ulikuwa wa picha 50 kwa sekunde, na kaseti nyingi za mfumo huo zilikwenda pole kwa karibu asilimia 17.

Ryu naye alikuwa na Undertaker wake. Akishinda, alisema katika toleo la Kiingereza kwamba lazima umshinde Sheng Long. Lilikuwa kosa la tafsiri, herufi za jina la pigo la Shoryuken zilizosomwa kama jina la mtu. Gazeti moja la gemu la Marekani likafanya utani wa Aprili mosi mwaka 1992 kwa kueleza namna ya kumfikia mpiganaji huyo wa siri, na watu wakakesha wakimtafuta.

Vitu hivi vitatu vimekutana kabisa kwa mhusika mmoja. Tiger Mask alianza Japani kama hadithi ya picha mwaka 1968 na katuni ya televisheni mwaka 1969: mwanamieleka mwenye kinyago cha chui milia, aliyelelewa kwenye kituo cha yatima, anayepigania fedha za watoto wa kituo hicho. Huko Mexico, padri Sergio Gutiérrez Benítez alipigana kweli kwa zaidi ya miaka 20 kwa jina la Fray Tormenta, akivaa kinyago, ili kulisha watoto yatima aliowalea. Mpiganaji King wa gemu ya kupigana ya Tekken, mwenye kichwa cha jagwa na kituo chake cha yatima, ametokana na visa vya namna hii. Hata mikamato yake ya kuunganishwa inampa anayekamatwa nafasi ya kujinasua kwa kitufe sahihi kabla mkono haujafunga. Na Desemba 2010, mtu asiyejitambulisha aliacha mabegi 10 ya shule kwenye kituo cha watoto cha Maebashi kwa jina la Naoto Date, jina halisi la Tiger Mask kwenye katuni, na wengine Japani nzima wakamfuata.

Tarehe 23 Aprili 1981, katuni mpya ya Tiger Mask ikiwa ndiyo kwanza imeanza kuonyeshwa, Satoru Sayama aliingia ulingoni Tokyo na kinyago kile kwa mara ya kwanza. Ukumbi haukutarajia makubwa kutoka kwa mtu wa katuni. Alipangiwa Mwingereza Tom Billington, aliyeitwa Dynamite Kid, mtu mfupi aliyeanguka kwa kasi na kwa nguvu ambazo wachache walithubutu kuzitumia. Kila teke la Sayama, Billington alirushwa nalo kana kwamba amegongwa na gari. Waliokuja kumtazama chui wakatoka wakiamini mateke yake. Billington aliendelea kuanguka hivyo kwa miaka mingi, mgongo wake ukaharibika, na akaishia kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki tarehe 5 Desemba 2018, siku aliyotimiza miaka 60.